Ukurasa wa 31

Mwenyekiti alilamba kidole, akafunua ripoti yangu mpaka kwenye ukurasa aliokuwa ameukunja pembe, akasoma taratibu kama mtu anayesoma wosia: "Katika kijito hiki hakuna wanyama wanaokatakata majani."

Akaifunga. Akanitazama.

"Si maneno yako haya?"

Ni maneno yangu. Ukurasa wa 31, ule muhtasari wa Kiswahili nilioutafsiri mwenyewe mwaka 2013 ili kijiji nacho kibaki na chochote, maana tulifundishwa ukimaliza utafiti usiondoke kama mwizi, acha nakala ofisini kwao. Nikaacha. Nilijua itaishia kufungia vitumbua. Kumbe imetunzwa kabatini miaka yote, sasa imetolewa, na imetolewa kwa kazi maalumu.

Hoja ya siku ile ilikuwa banio la maji. Majani yanaziba chujio la bomba, kila baada ya siku mbili tatu lazima mtu apande kule juu akayatoe kwa mikono, na kiangazi ndo balaa zaidi maana kuna mikuyu miwili mikubwa ukingoni inapukutisha majani hata hujui yanatoka wapi. Pendekezo: mikuyu ikatwe, kingo zote mbili zisakafiwe kwa saruji, juu kidogo ipandwe mikaratusi ambayo "inakua haraka na haina fujo". Kijana mmoja wa jumuiya ya watumia maji akasimama akamalizia, majani yale hayana anayeyala, mtaalamu ameshasema, kwa hiyo ni uchafu kama uchafu mwingine.

Watu wakageuka kunitazama. Mtoto wa hapa hapa, kasoma, anakaa Dodoma mjini.

Mi nilikuwa nimekuja wikiendi tu kumjulia hali shangazi, mguu unamsumbua. Nimekalia kiti cha plastiki chini ya mkwaju, jasho linanitoka, na nikafanya kitu ambacho kimenikosesha raha wiki tano nzima.

Nikanyamaza.

## Mifuko ya vitunguu

Utafiti wenyewe ulikuwa wa bei rahisi kuliko wote darasani kwetu. Unaokota majani yaliyodondoka yenyewe (sio ya kuchuma, jani bichi mti haujalinyonya vitu vyake vya maana), unayakausha, unayapima, unayatia kwenye vimfuko vya wavu, unafunga kwenye jiwe na kuzamisha. Baada ya wiki kadhaa unatoa, unaosha tope, unakausha tena, unapima tena. Kilichopungua kimeoza au kimeliwa.

Ujanja wote uko kwenye matundu. Wavu wa matundu madogo unapitisha maji, bakteria na ukungu tu. Wavu wa matundu makubwa unapitisha na wadudu. Sasa ukilinganisha huu na ule, ile tofauti ndo kazi ya wadudu. Vyuo vyenye hela vinanunua nyavu maalumu, mmoja wa nusu milimita, mwingine wa milimita 5 au 10, mi hela yangu ya utafiti ilichelewa mpaka nikaona aibu kuiulizia, nikashona vimfuko vidogo kwa chandarua chakavu nilichokikunja mara mbili, na vile vikubwa nikakata mifuko ya vitunguu niliyoomba sokoni. Mizani niliazima kwa sonara. Gramu 5 kila mfuko, mkuyu kwa mkuyu na mkaratusi kwa mkaratusi.

Kijito chenyewe kinashuka kutoka vilima vya Kiboriani, upande wa Mpwapwa. Nyumbani hakina jina, tunasema tu "mtoni". Kwa mkoa huu ambao mito yake mingi ni makorongo ya mchanga miezi saba minane kwa mwaka, kuwa na maji yanayotiririka mwezi wa nane ni utajiri, na hilo sina haja ya kumweleza mtu yeyote aliyewahi kupanga ndoo.

## Ugali na mlenda

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndo sehemu iliyonifanya niipende hii kazi.

Jani likiingia kwenye maji, siku ya kwanza na ya pili linatoa chai. Kweli kabisa, ukiliweka kwenye kopo la maji unaona rangi inatoka, sukari na vitu vinavyoyeyuka vinaondoka, jani linapoteza uzito bila kuguswa na yeyote. Halafu linatulia. Ukiliangalia unaona halijabadilika, ila ukilishika linateleza.

Ule utelezi ndo wenye nyumba wameingia.

Kuna ukungu wa aina yake unaoishi kwenye majani yaliyozama, aliyeuweka kwenye ramani ni Mwingereza C. T. Ingold mwaka 1942, kaukuta kwenye majani yanayooza ndani ya kijito cha kwao. Mbegu zake hazina umbo la kawaida, nyingi zina mikono minne iliyotawanyika, zinanasa kwenye jani kama magugu ya kwenye suruali. Na zinanasa kwenye povu pia. Nilichota povu chini ya kaporomoko kadogo kwa kijiko cha chai, nikalipeleka maabara, nikaweka jicho kwenye hadubini, nikakuta alama za kujumlisha zimejaa zimekanyagana. Nilimwita kila mtu aliyekuwa korido. Mlinzi naye alikuja kuangalia, akasema zinafanana na spana za kufungulia magurudumu.

Ukungu ukishaingia unalainisha jani kwa ndani, na mdudu anayekuja kulila anafuata zaidi ule ukungu kuliko jani lenyewe. Mmarekani Kenneth Cummins alilifananisha jani na biskuti iliyopakwa siagi ya karanga, biskuti yenyewe haina kitu, mtu anafuata siagi. Hiyo ni kwao. Kwa mtu wa Dodoma ningesema ni ugali wa uwele na mlenda, jaribu kumeza ule ugali mkavu uone.

Mkaratusi sasa. Jani lake gumu, lina mafuta, lina nta juu, lina vitu vichungu vinavyochelewesha ukungu. Wahispania na Wareno waliojaza mikaratusi kwenye mabonde yao wameliandika sana hili, vijito vyao vilivyozungukwa na miti hiyo majani yanakawia na wadudu wanakuwa wachache. Vimfuko vyangu vilisema hivyo hivyo. Baada ya siku 28 mkuyu umebaki mishipa kama nyavu, mkaratusi bado ungeweza kuandikia barua.

Hiyo nusu ya ripoti sina wasiwasi nayo mpaka leo. Ila mwenyekiti hakukunja pembe ya ukurasa huo.

## Sentensi ilivyozaliwa

Tatizo ni nusu ya pili. Mkuyu wa kwenye chandarua na mkuyu wa kwenye mfuko wa vitunguu ulipungua karibu sawa sawa. Kwa hesabu za vitabu, maana yake wadudu hawakufanya kitu, kazi yote ni ya ukungu na bakteria.

Nikaenda kuwatafuta hata hivyo. Unasimama mtoni, unachokonoa mawe kwa mguu, neti iko chini yako inapokea. Nilipata mabuu ya kerengende, nilipata wale wembamba wenye mikia mitatu, nilipata minyoo myekundu ambayo sio minyoo bali mabuu ya vijinzi visivyouma, wekundu ule ni damu kama yetu inayowasaidia kuishi penye hewa kidogo. Nilipata na kijumba kitupu cha pande tatu kilichoshonwa kwa vipande vya majani. Nikakiandika "hakikutambulika" nikaendelea.

Na kaa wawili.

Kaa sikuwahesabu. Yaani niliwarudisha majini na kwenye fomu nikaweka alama ya vema tu, kwa sababu fomu niliyokuwa natumia ni ya Afrika Kusini, SASS5, inayompa kila mdudu alama kuanzia 1 mpaka 15 kwa kadiri anavyoshindwa kuvumilia uchafu, na kaa ana 3. Tatu! Kwenye kichwa changu mwenye alama 3 ni mtu wa kukaa nyuma ya darasa. Leo nikiandika hivi naona wazi kwamba alama ile inasema kaa anavumilia maji machafu, haisemi chochote kuhusu anafanya kazi gani humo ndani, ila wakati ule nilikuwa na miaka 23 na tarehe ya kukabidhi inakaribia.

Orodha yangu ya wakatakataji niliitoa kwenye vitabu. Vitabu vimeandikwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako kazi hiyo wanaifanya zaidi wadudu wa kundi la plekoptera na vijikamba vidogo vya gamarasi. Sasa Afrika Mashariki plekoptera tulionao karibu wote ni jenasi moja, Neoperla, na huyo anawinda wenzake, majani hayamhusu. Gamarasi ndo usahau. Kwa hiyo nilishuka mtoni nikiwa na orodha ya wageni, nikaita majina, hakuitika mtu, nikaandika darasa halina wanafunzi.

Sikuwa peke yangu, nijitetee kidogo. Mwaka 2002 Michael Dobson na wenzake Wakenya, akiwemo Jude Mathooko, walitoa makala kuhusu vijito vya nyanda za juu za Kenya wakiuliza kama huo ni ushahidi mwingine kwamba wakatakataji ni haba huku kwetu. Wao waliuliza. Mimi niliinukuu kama jibu. Na ule utafiti mkubwa wa Luz Boyero na wenzake wa mwaka 2011, waliotumia jani la aina moja kwenye vijito 22 vya mabara sita, ulionyesha kasi ya kuoza kwa jumla haitofautiani sana kati ya huku na kule kwenye baridi, isipokuwa kadiri unavyokaribia ikweta ndo ukungu na bakteria wanavyobeba mzigo mkubwa na wanyama wanabeba mdogo. Kwa hiyo mwelekeo wa nilichokiona haukuwa wa ajabu.

Ila tazama sentensi ilivyokua. Kwenye daftari la mtoni, lenye madoa ya tope, niliandika "sijaona". Kwenye rasimu ikawa "hawakuonekana". Kwenye ripoti ya Kiingereza ikawa hakuna ushahidi wa kuwepo. Nilipokuja kuitafsiri kwa ajili ya kijiji, saa nane usiku, nimechoka, nikaona "hakuna ushahidi wa kuwepo kwa" ni maneno mengi mno kwa mzee wa kijiji.

Nikakata.

Supavaiza alipitisha, hakuigusa hata kwa penseli.

## "Ulienda saa ngapi?"

Jioni ya ule mkutano shangazi hakuniuliza kwa nini nimenyamaza. Aliniwekea chakula, akanyoosha mguu wake juu ya kigoda, akaanza kuniuliza mambo mengine, bei za vyumba mjini, nimepunguaje mwili hivi. Nikaona bora niseme mwenyewe.

"Shangazi, lile jambo la majani. Nahisi nilikosea."

"Majani gani baba?"

"Niliandika hayana anayeyala."

Akacheka, tena kile kicheko cha kujifuta macho kwa upindo wa kanga. "Na kaa je? Nyie si mlikuwa mnawachoma na kina Mdala hapo chini ya mkuyu, hukuwahi kumfungua ukaona tumboni? Meusi tii, kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa."

Nikamwambia kaa niliona wawili tu, kazi nzima ya mwezi na nusu.

"Ulikuwa unaenda saa ngapi?"

Saa nne asubuhi. Nilikuwa nakuja na bodaboda kutoka mjini Mpwapwa, saa nne niko mtoni, saa nane nimetoka ili niwahi.

"Saa nne," akasema shangazi, akanyamaza kidogo. "Saa nne kaa amelala."

## Saa tatu usiku

Nilirudi Dodoma Jumatatu na basi la asubuhi, na kuanzia Kongwa mpaka Mbande sikusikia hata muziki wa dereva. Wiki mbili nikavumilia. Ya tatu nikaomba ruhusa Ijumaa, kazini nikasema nina mgonjwa (mguu wa shangazi, sio uongo kabisa), nikarudi.

Nilienda na vijana wawili wa jirani, tochi za kichwa, ndala. Mwezi hakuna. Mwanzo huoni kitu, unaona mwanga wako tu unarudi kutoka kwenye maji. Kijana mmoja akaniambia zima, subiri. Tukazima tukakaa kama dakika kumi tunasikiliza vyura, tukawasha.

Walikuwa ukingoni wote. Mmoja kwenye kina cha kifundo cha mguu ameshika jani la mkuyu kwa koleo la kulia, upana kama kiganja changu, anatembea kinyumenyume analivuta, jani linakwama kwenye mzizi, anasimama, analigeuza, anaanza tena. Alilifikisha kwenye shimo lake, shimo liko kwenye udongo kama shibiri mbili juu ya maji, akaingia yeye kwanza halafu jani likawa linazama kidogo kidogo nyuma yake kama barua inayoingia chini ya mlango. Mwingine alikuwa palepale majini anakula, anachana kwa koleo moja anapeleka mdomoni, kingine kinafuata, hana haraka. Majike wawili watatu mikia yao imejaa mayai. Kaa hawa wa maji baridi mayai yao hayaendi kuelea popote kama ya kaa wa baharini, mama anabeba mpaka wanatoka kaa kamili wadogo kama punje za mtama, na hata hapo anawabeba kwa muda.

Tulihesabu matundu ya ukingo mmoja, kipande cha hatua ishirini. 43.

Ukingo huo huo ndo unaotakiwa kupigwa saruji.

## Mlangoni kwangu

Nikalala pale kwa shangazi nikiwa macho. Kilichoniuma hata sio kwamba nilienda saa mbaya. Ni ule mfuko wa vitunguu.

Kaa mkubwa wa pale ana gamba la sentimita nne, tano. Tundu la mfuko wa vitunguu hata kidole changu cha mwisho hakipiti. Yaani nilichukua majani, nikayafungia kwa wavu ambao mlaji wao hawezi kuingia, nikasubiri siku 28, nikakuta hayajaliwa, nikaandika hakuna mlaji. Na ningetumia wavu wa wenye hela wa milimita 10, ni vilevile. Kipimo kilishamkataa kaa mlangoni kabla maji hayajaingia.

Kulipokucha nikafanya kitu cha kitoto. Nikachukua majani ya mkuyu yaliyokwisha kulainika, nikayafunga kwa mshipi wa kuvulia samaki kwenye kikonyo, kumi bila mfuko wowote na kumi ndani ya mfuko wa vitunguu, nikayaweka kwenye kidimbwi kilichotulia ili nisije nikasingizia kaa kazi ya mkondo. Kesho yake, kati ya yale kumi bila mfuko, yalibaki matatu mazima. Manne yalikuwa vikonyo tu, matatu yamechanwa. Ya kwenye mfuko yote yapo.

Ni usiku mmoja. Ni majani ishirini. Mtu makini ataniuliza umejuaje sio chura, umejuaje kaa anakula kiasi gani na anatumia kiasi gani kutandika shimo, na mi nitamjibu sijui, ila safari hii nimeandika "sijui".

Halafu nikaanza kusoma, jambo ambalo ningelifanya zamani. Kumbe mwaka 2014, mwaka mmoja tu baada ya mimi kukabidhi, Frank Masese na wenzake walitoa makala kuhusu vijito vya nyanda za juu za Kenya, wakawapasua wadudu wakaangalia tumboni kuna nini badala ya kukisia kwa sura, na wakatakataji wakawa wengi na wa aina mbalimbali kuliko ilivyokuwa inasemwa. Njia ileile ya shangazi. Kina Dobson nao 2007 walikuwa wamesharudi na makala nzima juu ya kaa wa kijito cha Bonde la Ufa, wakimwita kabisa ndo mwenye nguvu pale mtoni. Kile kijumba changu cha pande tatu nacho kina mwenyewe, kuna familia ya Pisuliidae ambayo ni ya Afrika na visiwa vyake, anashona nyumba kwa majani na anakula majani. Nilikuwa nayo mkononi!

Na kuna lingine limenichekesha, madaktari walimjua kaa wetu kabla ya watu wa mazingira. Mwaka 1950 huko Kenya iligundulika kwamba mabuu ya aina mojawapo ya vijinzi wanaoeneza usubi, huu ugonjwa unaopofusha macho, hayakai kwenye mawe kama ndugu zao, yanapanda mgongoni mwa kaa. Watu walikuwa wameyatafuta mawe yote wakayakosa.

## Mita 60

Sasa nije kwenye sehemu ninayoionea aibu zaidi, maana ningeweza kuiruka na msingejua.

Nilikuwa na njia ya kutoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Mikuyu ile ukipima kwa kamba haifiki mita tatu. Ningesimama, nikasema sheria, nikakaa, mikuyu imepona na ripoti yangu imepona na jina langu limepona. Nilijiandaa hivyo kabisa, nikaprinti kifungu, nikakipigia mstari.

Mkutano wa pili ulikuwa Jumapili mchana. "Mbukwenyi!" mwenyekiti akatusalimu kwa Kigogo. Tukaitikia. Nikapewa nafasi, nikasoma kifungu vizuri sana, sauti imetulia.

Yule kijana wa jumuiya akanyoosha mkono. Na alikuwa na adabu, sina la kumlaumu, ameanza na shikamoo kwa wazee wote. Akasema, kaka, sheria tumeisikia, ila sheria inasema vitu vya kuharibu chanzo. Wewe umeandika majani yale hayana faida kwa kiumbe yeyote. Sasa tukiondoa kisicho na faida tumeharibu nini?

Sikuwahi kuandika "hayana faida kwa kiumbe yeyote". Lakini utamwambia nini, sentensi niliyompa ndo inakwenda huko yenyewe ukiiacha itembee.

Mwenyekiti akafungua tena ile pembe.

"Mwenyekiti, sentensi hiyo ni ya uongo," nikasema. Nikarekebisha: "Sio uongo wa makusudi. Nilienda mchana, wenyewe wanatoka usiku. Na mifuko yangu haikuwa na mlango wa kuwatosha."

"Wenyewe kina nani?"

"Kaa."

Watu walicheka sana. Mzee mmoja nyuma akasema kwa Kigogo kitu ambacho sitakitafsiri kuhusu gharama za kusomesha watoto. Hata mi nilicheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka moto.

"Kwa hiyo ulikosea," akasema mwenyekiti.

"Nilikosea."

Akaomba kalamu kwa katibu. Nilidhani anaandika kwenye muhtasari wa kikao, kumbe alikuwa anaukata ule mstari wa ukurasa wa 31, kwa rula kabisa, halafu akanipa ripoti niandike juu yake kilicho sahihi na niweke sahihi na tarehe. Nilikaa na kalamu hewani muda mrefu kuliko nilivyokaa na karatasi yoyote ya mtihani. Nikaandika: "Kaa wapo, wanatoka usiku, nimewaona wanakula majani. Kiasi bado hakijapimwa."

Ubishi haukuishia hapo, ulienda mpaka saa kumi na moja. Majani yanaziba bomba kweli, hilo kaa hawalitatui, na anayepanda kule kuyatoa kwa mikono ni mama mmoja mwenye miaka hamsini na kitu ambaye aliuliza swali zuri kuliko yote: nyie mnaotetea majani, mtanisaidia kupanda? Ikaamuliwa chujio lisogezwe juu ya kaporomoko kadogo penye kasi, ambapo majani hayatuami sana, na zamu ya kusafisha iwe ya kaya zote, yatakayotolewa yamwagwe chini ya banio na yasitupwe shambani. Mikaratusi itapandwa, ila upande wa barabara. Mkuyu mmoja umepona.

Mmoja, kwa sababu ule mwingine ulishaangushwa Alhamisi. Fundi alikuwa amelipwa nusu, hakutaka kurudisha hela. Na ukingo wake ulishapigwa saruji hatua kama kumi hivi, laini, nyeupe, kuna alama za unyayo wa mtoto aliyepita kabla haijakauka.

Usiku ule shangazi alisisitiza twende wote, na mguu wake na fimbo yake. Tukafika taratibu, nikamshika mkono akakaa kwenye kisiki cha ule mkuyu. Nikawasha tochi upande wa saruji, hakuna kitu. Nikahamisha mwanga.

"Usinimulike mimi," akasema, "mulika kule chini. Haya, hesabu."